Bure, Huru, Huria: Programu za Chanzo Huria na Sikio la Msikilizaji wa Bonde la Kilombero

Wanaisimu wa Kiswahili wamezoea kulichunguza neno jipya likiwa limekwisha kuandikwa. Orodha za istilahi zilizotolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) tangu liundwe mwaka 1967, pamoja na kamusi za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), ni kazi za karatasi: istilahi huwekwa upande mmoja, maana yake upande wa pili, na msomaji anao wasaa wa kuurudia mstari asiouelewa. Msikilizaji wa redio hana wasaa huo. Tangazo la nusu dakika likishapita limepita, na neno ambalo sikio halikulidaka mara ya kwanza halimfuati mnunuzi hadi dukani. Mhadhara huu unalitazama tatizo hilo kupitia bidhaa moja ambayo historia yake katika Kiswahili bado ni fupi, yaani mifumo endeshi ya kompyuta na programu nyinginezo zinazotolewa kwa chanzo huria. Unaitazama kutoka Ifakara na bonde la Kilombero, kwa sababu bonde hilo limewahi kushuhudia kitu kigeni kikiingia nyumbani kwa watu kikisaidiwa sana na jina lake. Hoja yenyewe ni kwamba programu hizi zilipewa Kiswahili cha macho kabla ya kupewa Kiswahili cha masikio, na kwamba kasoro hiyo iligusa maana yenyewe ya bidhaa, si mapambo yake tu.

Bonde la Kilombero limelala kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wahehe wamekuwamo kwa muda mrefu. Kiwanda cha sukari cha upande wa Kidatu kilileta vibarua kutoka mikoa mingi, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ikaongeza wengine, na wafugaji wa Kisukuma wakafuata malisho. Katika mji wa namna hiyo Kiswahili si lugha ya serikali peke yake. Ndicho kinachotumiwa na muuza mchele na mnunuzi wake, na jirani na jirani, ingawa kwa wengi wao si lugha ya kwanza. Mtunga tangazo anayeandika kwa kuwazia mwanafunzi wa Dar es Salaam atakuwa amekosea hadhira tangu sentensi ya kwanza.

Redio ilifika huko ikiwa sauti ya mbali. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikapisha Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam baada ya Uhuru. Idhaa hiyo ilijifunza mapema kwamba kampeni huenda mbali ikiwa jina lake ni kauli kamili. Kampeni ya afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, iliitwa Mtu ni Afya. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1993, ulianza mchezo wa redio kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI ulioitwa Twende na Wakati. Jina la kwanza ni sentensi yenye kiima na kiarifu. La pili ni kitenzi kinachomwalika msikilizaji ashike njia pamoja na msemaji. Hakuna hata moja lililohitaji kufafanuliwa kabla ya kutamkwa.

Mwaka huohuo wa 1993 sheria ya utangazaji ilivunja ukiritimba wa dola, na kuanzia mwaka 1994 Radio One ikafuatiwa na vituo vingi vya binafsi. Mawimbi ya FM hayavuki milima kwa urahisi, kwa hiyo bonde lililozungukwa na milima lilihitaji kituo chake. Baadaye redio za kijamii zilipatikana, mathalani Pambazuko FM mjini Ifakara na Ulanga FM huko Mahenge. Badiliko hili lina uzito wa kiisimu ambao aghalabu hupuuzwa. Katika redio ya taifa mtangazaji humwambia msikilizaji asiyemjua habari za duka asilolijua. Katika redio ya kijamii anayetangaza, anayesikiliza na anayeuza huenda wakakutana sokoni jioni ileile, na neno lililotumiwa vibaya hewani hurudishwa kwa mwenyewe likiwa kichekesho.

Hata hivyo, somo kubwa la jina katika bonde hili lilitangulia redio hizo. Ifakara ilikuwa na maabara ndogo ya Waswisi tangu mwaka 1957, ambayo ilikua ikawa kituo cha utafiti wa afya chenye sifa duniani. Mwaka 1997 kituo hicho na washirika wake walianza kuuza vyandarua na dawa ya kuvitia katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa mbinu ya kutangaza bidhaa ya afya kama inavyotangazwa sabuni au soda. Mradi wenyewe ulijulikana kwa watafiti kwa jina la KINET. Wananchi waliijua bidhaa kwa jina jingine: Zuia Mbu.

Jina hilo linastahili uchambuzi wa taratibu. Ni kitenzi cha amri na yambwa yake, basi. Lina silabi tano, mkazo wa neno la kwanza ukiwa kwenye i na wa neno la pili ukiwa kwenye m inayosimama kama silabi. Mtu anaweza kulipigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara na likafika zima. Zaidi ya hayo, halitaji malaria. Uchunguzi uliofanywa bondeni kabla ya mauzo ulionyesha kwamba watu waliihusisha homa na mbu bila taabu kubwa, lakini degedege la watoto, ambalo kwa daktari ni sura ya malaria kali, wengi walilieleza kwa sababu nyingine na kulipeleka kwa waganga wa jadi. Jina kama Zuia Malaria lingefungua mjadala na kila mama kuhusu maradhi gani hasa yanazuiwa. Zuia Mbu halikubishana na mtu. Liliahidi jambo ambalo mnunuzi angelihakiki usiku uleule kwa masikio yake mwenyewe.

Matokeo yanafahamika. Katika muda wa miaka mitatu idadi ya watoto wachanga waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa ilipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50, na makala iliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001 ilihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Haitakuwa haki kulisifia jina peke yake kwa mafanikio hayo. Kulikuwa na maduka, mawakala vijijini, zahanati na fedha za wafadhili. Lakini jambo moja linahusu mada hii moja kwa moja. Chandarua kiliuzwa. Wajawazito na wenye watoto wadogo walipunguziwa bei kwa vocha, na utaratibu wa aina hiyo ulipoenezwa nchini kuanzia mwaka 2004 ulijulikana kwa jina la Hati Punguzo. Neno bure halikupewa nafasi ya mbele.

Mwaka huohuo wa 2004, mbali na bonde, programu huria ilizaliwa katika Kiswahili. Idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, iliendesha mradi ulioitwa Kilinux, na mwishoni mwa mwaka ikatoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na za mahesabu zenye menyu za Kiswahili. Huko Kenya, mtaalamu Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alishughulikia kisahihishi cha tahajia. Kampuni ya Microsoft nayo ilikuwa imetangaza katikati ya mwaka 2004 nia ya kutoa programu zake kwa Kiswahili. Na mwezi Oktoba wa mwaka huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux ya Linus Torvalds, ambayo yenyewe ilianza mwaka 1991. Mtu yeyote mwenye sanduku la posta aliweza kuagiza diski za Ubuntu zikamfikia bila malipo. Huduma hiyo ilidumu hadi mwaka 2011.

Kazi ya Kilinux ilikuwa ya heshima, na wanaoidharau kwa sababu haikuenea sana husahau jinsi uwanja ulivyokuwa mtupu. Istilahi nyingi zilizotafutwa wakati ule zilihitaji kuchaguliwa kati ya washindani: kompyuta, tarakilishi au ngamizi; kipanya au puku; tovuti au wavuti. Lakini tazama majina ya bidhaa zenyewe. Kilinux ni mchezo mzuri wa maandishi, kwa kuwa kiambishi ki- kinaiunganisha Linux na majina ya lugha kama Kiswahili. Masikioni hubaki Kilinaksi, na msikilizaji atajiuliza kama hiyo ni lugha, au ni Linaksi ndogo. Jambo ni salamu ambayo Watanzania wenyewe hupeana mara chache katika umbo hilo kavu; huulizana hujambo, hujibizana sijambo, na jambo tupu huachiwa mtalii. Jina hilo lilikuwa limegeuza uso kuelekea nje.

Suala gumu zaidi lilikuwa sifa ya bidhaa. Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, alilazimika kwa miaka mingi kuwaeleza wasemaji wa Kiingereza kwamba anazungumzia uhuru wa mtumiaji wala hazungumzii bei, kwa sababu lugha yao ina neno moja kwa dhana zote mbili. Mwaka 1998 wenzake waliotaka kuwavutia wenye makampuni waliamua kuukwepa utata huo kwa kusisitiza uwazi wa chanzo. Kwa Kiswahili utata huo haupo. Kisicho na malipo ni cha bure, kisichofungwa ni huru. Mtu angetegemea kwamba lugha yenye bahati hiyo ingeitumia. Badala yake, kila ilipotakiwa sababu moja ya kuwavutia watu, neno lililokuwa rahisi kulifikia lilikuwa bure.

Bure ina maana mbili katika matumizi ya kila siku, na ya pili haiko mbali na ya kwanza. Kitu cha bure hakina malipo. Kazi ya bure haina faida. Aliyepigwa bure amepigwa pasipo kosa. Mtu bure ni mtu asiye na thamani. Mkulima wa Kilombero aliyesafiri hadi Ifakara akakuta ofisi imefungwa husema amekuja bure. Tangazo linalosema mfumo endeshi wa bure linakaribisha maana zote mbili kwa pumzi moja, na msikilizaji mwangalifu atauliza kama kitu hicho ni kizuri, mbona hakiuzwi? Katika bonde lililozoeshwa kuilipia Zuia Mbu, ingawa kwa bei nafuu, swali hilo halikuwa la ujinga.

Tena, bei yenyewe haikuwa hoja. Sheria ya hakimiliki ilitungwa Tanzania mwaka 1999, lakini mnunuzi wa kawaida wa kompyuta, hasa iliyokwisha kutumika, aliikuta ina mfumo wake ndani tayari, uwe na leseni au usiwe nayo. Hakuonyeshwa bei ya mfumo peke yake hata siku moja. Kumwambia kwamba mwingine ni wa bure ni kumjibu swali ambalo hakuwahi kuliuliza, huku ukiacha kumweleza tofauti pekee yenye maana: kwamba huu anaruhusiwa kuunakili, kumpa jirani, kuufungua na kuubadilisha bila kuvunja sheria.

Huria lilikuwa chaguo bora zaidi, na ndilo lililoshika katika maandishi. Lina asili moja na huru na uhuru, kutoka Kiarabu, na lilipewa kazi maalumu katika Kiswahili cha Tanzania wa miaka ya tisini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kililipa sura njema ya mlango usio na bawabu. Lakini neno hilohilo lilikuwa katika soko huria, na hapo Kilombero ilikuwa na kumbukumbu zake. Soko huria lilimaanisha kubinafsishwa kwa kampuni ya sukari mwaka 1998. Lilimaanisha pia mnunuzi wa mpunga anayekuja na gunia la lumbesa na kujipangia kipimo. Kwa sikio la mkulima, kilichokuwa huria kilikaribia kilichokuwa holela. Istilahi haiji mahali ikiwa tupu. Hukuta vikao vya neno lilelile vimekwisha kukaa.

Kuna na tatizo la matamshi, ambalo huenda likaonekana dogo. Wasemaji wengi wa Kiswahili wenye lugha ya kwanza ya bara hubadilishana r na l. Huria kinywani mwao huwa hulia, na programu hulia inaweza kuwa programu inayotoa machozi. Mtu akilisoma neno hilo ukutani hapati shida yoyote.

Neno chanzo nalo lilikuwa na mwenyewe bondeni. Mito inayoteremka Udzungwa imelifanya lizungumzwe mara kwa mara katika mikutano ya vijiji na vipindi vya mazingira: chanzo cha maji kilindwe, asilime mtu karibu na chanzo. Chanzo huria, likisikika bila maelezo, linaweza kueleweka kuwa kijito kisicho na mlinzi, ambacho kila mtu anaingiza ng'ombe wake. Mwanaisimu anaweza kuona hapo sitiara nzuri, kwani msimbo wa programu kweli ni mahali inapobubujikia. Ila sitiara inayogeuza fadhila ya bidhaa kuwa uharibifu wa mazingira haifai kutangazia.

Mfumo endeshi, kwa upande wake, ni istilahi iliyoundwa vyema. Imefuata njia ya kuunda kivumishi kutokana na kitenzi, na njia hiyo imezaa neno jingine lililopata maisha makubwa ajabu, shirikishi. Ulinzi shirikishi na usimamizi shirikishi wa misitu ni vifungu vinavyotamkwa na watu wasiowahi kufungua kamusi ya istilahi. Kwa nini shirikishi imetembea na endeshi imebaki vitabuni? Umbo ni lilelile. Tofauti ni kwamba shirikishi ilikuja pamoja na kazi inayoonekana: zamu za sungusungu, doria msituni, majina yaliyoandikwa katika daftari la kijiji. Inashangaza kwamba waliotafuta jina la programu zinazotengenezwa na maelfu ya watu kwa ushirikiano hawakulichukua. Programu shirikishi ingetaja jinsi kitu kinavyotengenezwa, ambalo ndilo jambo geni hasa, na ingeikwepa bei kabisa.

Au vivumishi vingeachwa. Stallman alizieleza haki za mtumiaji kuwa nne: kuiendesha programu kwa shabaha yoyote, kuichunguza inavyofanya kazi, kuwagawia wengine na kuirekebisha. Kwa Kiswahili hizo ni amri nne ambazo mtoto wa shule ya msingi anazijua: tumia, chunguza, gawa, rekebisha. Hakuna istilahi ndani yake, hakuna linalohitaji BAKITA kulipitisha, na mtangazaji wa Ifakara angezitamka katika sekunde tatu zikabaki sekunde ishirini na saba za kueleza duka lilipo. Ndiyo sarufi ya Zuia Mbu. Wataalamu wa istilahi hupenda nomino, kwa kuwa dhana za kisayansi huorodheshwa kwa nomino. Redio ya Kiswahili, tangu enzi ya kampeni, imependa vitenzi na kauli kamili.

Ubuntu lilistahili bahati njema kuliko majina yote. Neno ni la Kinguni, lakini mzizi wake ni uleule wa mtu na utu, na kiambishi u- cha dhana kinatambulika na kila msemaji wa lugha ya Kibantu. Kiswahili kimeangusha n katika mzizi huo. Lugha nyingi za bara bado zinayo. Kwa hiyo mzee wa bondeni asiyejua kompyuta ni nini angeweza kulisikia jina la mfumo endeshi uliosanifiwa ng'ambo na kudhani kwamba linatoka kijiji cha jirani.

Kilichofika kwa wingi bondeni hatimaye hakikutangazwa kwa sifa hiyo hata kidogo. Simu zinazotumia Android, ambazo zilianza kuuzwa duniani mwaka 2008, zina kiini cha Linux ndani yake. Matangazo yaliyozisindikiza redioni yalizungumzia vifurushi, dakika na kutuma fedha. Majina ya vifaa vyenyewe yaliundwa na wanunuzi bila msaada wa mtu. Simu ndogo yenye taa ikawa kitochi, ya bei ya chini kabisa ikaitwa kiswaswadu, na ile ya kioo, kwa kuwa kidole hupita juu yake kama kitambaa juu ya meza, ikawa simu ya kupangusa. Anayeinunua leo Ifakara anabeba mfukoni programu ambayo msimbo wa kiini chake uko wazi kwa yeyote, na katika jina alilolipa yeye mwenyewe kitenzi kimerudi mahali pake.